Saa ya mamilioni, krauni inakwaruza: zawadi ya birthday iliyotaka kuvunja penzi

Siku jamaa anatimiza miaka 30, mpenzi wake alimwambia afumbe macho, akamvalisha kitu kizito mkononi. Kufumbua, saa. Na siyo saa ya kuokoteza: mpya kabisa, ya Uswisi, zile za wazamiaji, chuma kinang'aa, ringi nyeusi juu, kwenye uso imeandikwa mita 300. Mdada anauza nguo mtandaoni. Alicheza kikoba miezi 14, hela akamtumia shangazi yake anayeishi Dubai, shangazi akaenda kuinunua dukani.

Picha ikapigwa dakika hiyo hiyo. Usukani wa gari, mkono, saa. Status ikajaa moto na makopa. "Mwamba unapendwa!" "Shemeji apewe maua yake!" Mpaka hapo raha tupu.

Shida ilianza usiku, mdada kalala, jamaa yuko peke yake sebuleni na saa yake. Pembeni ya saa kuna kile kifungo kidogo cha kutilia ufunguo, wapenzi wa saa wanakiita krauni. Kwenye saa nyingi za wazamiaji krauni haivutwi tu kienyeji. Imefungwa kwa thredi, kama kizibo cha chupa ya maji. Akaizungusha kinyume mpaka ikaachia. Akaanza kutia ufunguo. Chini ya vidole akasikia krrr, krrr, krrr, kavu, kama kuna mchanga ndani. Akazungusha mara 20, mara 40, mara 60, anasubiri igome kuonyesha imejaa. Haikugoma. Kuirudisha ndiyo ikawa balaa: ikashika nusu, ikakwaruza, akaikaza kwa nguvu mpaka ncha za vidole zikauma.

Saa ya mamilioni ndiyo inakuwa hivi?

Hapo inabidi ujue jamaa ametokea wapi. Saa pekee aliyoizoea maisha yake yote ni Seiko 5 ya marehemu baba yake. Waliolelewa na wazee wa enzi zile wanaijua. Seiko 5 nyingi za zamani hazitiwi ufunguo kwa krauni kabisa. Krauni yenyewe imejificha karibu na alama ya saa 4, kazi yake kurekebisha muda na tarehe, basi. Ikisimama unaitikisa, kile chuma kizito cha ndani kinazunguka, springi inakaza, saa inaamka. Mzee alikuwa anaitikisa asubuhi kabla ya kwenda kazini kama mtu anatikisa dawa ya kifua. Kwa hiyo jamaa kafika miaka 30 hajawahi kutia saa ufunguo hata siku moja. Hakuwa na cha kulinganisha, ila mwenyewe hakuliona hilo.

Badala ya kumuuliza aliyempa, akairekodi ile sauti, akaitupa kwenye grupu la washkaji WhatsApp. Majibu yakaja fasta. "Hiyo kopi bro." "Original haipigi kelele hivyo." Mmoja akamalizia, "Shemeji kakupiga." Kwenye grupu lile hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki saa ya aina hiyo. Jamaa akajibu kwa emoji za kucheka, lakini neno lilishamwingia.

Wiki mbili saa ikalala kwenye droo. Mdada akiuliza mbona haivai, anajibiwa, "Naogopa kuikwaruza, mpenzi." Usiku sasa, anaitoa, anafungua krauni, anazungusha, anasikiliza, anaikaza kwa hasira, anairudisha. Kila siku. Akaanza na hesabu za chinichini: hivi kweli kikoba kinaweza kutoa hela yote ile? Na huyo shangazi, alienda dukani kweli au alipita sokoni?

Jumamosi moja akaenda Kariakoo kwa fundi wa saa, mzee wa siku nyingi, kimeza chake cha kioo kipo kwenye kibaraza cha duka la vitenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Lete tuone."

Mzee akavaa lenzi jichoni. Hakufungua mgongo wa saa. Alisema saa ya maji ukiifungua lazima ipimwe upya kama bado inazuia maji, na mashine hiyo yeye hana. Akashika krauni peke yake, kwa vidole viwili, taratibu kama anashika sikio la mtoto mchanga. Akazungusha. Krrr, krrr.

"Umeisikia hiyo mzee? Mbovu, eeh?"

"Hayo ni meno ya ndani yanapokezana. Springi inakazwa, kuna kijino kinazuia isirudi nyuma. Ulitaka iwe kimya kama redio iliyozimwa?"

"Na mbona haijai? Nimezungusha mpaka basi."

Mzee akacheka. Saa inayojijaza yenyewe mkononi haigomi, akamweleza. Springi yake ikishajaa inateleza ndani ya kikombe chake, kwa makusudi, ili isikatike wakati mwenyewe anatembea nayo kutwa nzima. Ukizungusha mara 30 au 40 inatosha. Ukiendelea unajichosha bure. Na ule uzito kidogo unaousikia, ni vimpira vya kuzuia maji vinabana shina la krauni. Saa ikiwa mpya vinabana zaidi.

"Ila hapa," akasema akigusa thredi, "hapa umeanza kuharibu wewe. Unaifungua mara ngapi?"

"Kila siku, mzee."

"Unatafuta nini humo?"

Jamaa kimya.

Mzee akamshika kidole, akamfundisha. Usianze kukaza. Kwanza isukume ndani kidogo, halafu izungushe kinyume, kama unafungua, mpaka uisikie imedondoka kidogo, tk. Hapo thredi zimekutana. Sasa ndiyo unaipeleka mbele, polepole, haitakiwi kukwaruza hata chembe. Ikikwaruza, acha, rudi, anza upya. Ikifika mwisho, inatosha, hiyo siyo nati ya tairi.

Jamaa akajaribu. Mara ya kwanza ikapanda pembeni. Mara ya pili akaisikia: tk. Ikaingia kama kidole kwenye siagi. Ile mchangamchanga ya wiki mbili haikuwepo.

Na siyo jambo dogo hilo. Kwenye saa ya maji, krauni ndiyo mlango ambao mwenyewe anaufungua na kuufunga kwa mkono wake. Saa ikiitwa ya wazamiaji kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6425, lazima ihimili walau mita 100, lakini krauni ya thredi ikiachwa wazi, hata beseni la kufulia linaweza kuiua. Ndiyo maana Rolex walipotoa saa yao ya Oyster mwaka 1926, krauni ya kukaza kwa thredi ilikuwa sehemu kubwa ya habari yenyewe. Mwaka uliofuata muogeleaji wa Uingereza, Mercedes Gleitze, aliingia na Oyster shingoni kwenye bahari ya kati ya Uingereza na Ufaransa. Maji yalikuwa ya baridi kali, alitolewa baada ya zaidi ya saa 10 kabla ya kumaliza safari. Saa ilitoka inatembea. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri.

Kabla hajaondoka, jamaa akauliza lile lililompeleka.

"Kwa hiyo mzee, ni original?"

"Krauni haijakwambia kwamba ni feki, hilo nakuthibitishia. Mengine yako kwenye karatasi. Karatasi ziko kwa nani?"

"Kwa aliyenipa."

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini?"

Akarudi nyumbani anatafuta maneno ya kuanzia. Hayakuhitajika. Mezani, pembeni ya hotpoti, alikuta kadi ya garantii na risiti ya Dubai, vimepangwa vizuri, juu yake simu yake ya zamani, ile anayowaachia watoto wa dada yake wachezee gemu. WhatsApp ilikuwa bado wazi humo. Kwenye grupu. "Shemeji kakupiga."

Mdada alikuwa anafunga vifurushi vya wateja sakafuni. Hakupiga kelele.

"Ulikuwa unataka risiti?" akauliza. "Ungesema tu. Ilikuwa kwenye pochi yangu siku zote."

Jamaa akakaa chini pale pale kwenye marobota ya nguo. Akasema yote: mchanga, grupu, droo, fundi. Halafu akavua saa, akampa. "Izungushe uone." Mdada akazungusha. Krrr, krrr.

"Mbona inakwaruza?"

"Ndivyo ilivyo. Ni mimi nilikuwa sijui."

Hakucheka. Alimrudishia saa, akaendelea kufunga vifurushi. Siku tatu chakula kilikuwa kinawekwa mezani bila "karibu". Ya nne, jamaa akaandika kwenye grupu kwamba saa ni halali na aliyekosea ni yeye, akaweka na picha ya risiti, bei kaifunika kwa kidole. Grupu likanyamaza, mtu akatuma meme ya mpira, maisha yakaendelea.

Mwezi uliofuata walikwenda Nungwi, safari waliyoipanga kabla ya yote hayo. Jamaa kavaa saa, anakimbilia maji. Mdada akamvuta mkono. Akaishika krauni kwa vidole viwili, akaijaribu kama imekaza. Ilikuwa imekaza. Akamwachia.

Haya, mdau. Ungekuwa wewe, ungemuuliza shemeji usiku ule ule, au na wewe ungeanzia grupu?