Mkanda Mweusi Si Leseni ya Kupiga Watu

Tangu turudi kutoka likizo, swali ni lilelile kila kona: "Mwana, sasa hivi unaweza kupiga watu wangapi kwa mpigo?" Wameona picha yangu WhatsApp nimefunga mkanda mweusi. Jibu langu linawaboa: sijui, na sina mpango wa kujua.

Daraja la kwanza la mkanda mweusi linaitwa shodan, yaani hatua ya mwanzo. Mtu mnayedhani kamaliza, kumbe ndiyo kwanza anaandikishwa. Mkanda wenyewe haukuzaliwa kwenye karate. Ulianzia kwenye judo ya Jigoro Kano, na Gichin Funakoshi akaanza kutoa madaraja hayo kwa wanakarate mwaka 1924. Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, mtindo ninaofanya mimi, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake yeyote daraja la mkanda mweusi. Watu walifanya mazoezi miaka na miaka, wakarudi nyumbani na jasho lao tu.

Mtindo huohuo ndio Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, aliufundisha Zanaki, Dar es Salaam, miaka ya 1970. Mimi niliukuta Geita. Mwalimu wangu anafanya kazi kwenye karasha. Mchana anasaga mawe ya dhahabu, jioni anakuja na vumbi kwenye nyusi, tunasogeza madawati ya shule ya msingi, tunaanza. Miaka sita. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa Sanchin: kusimama, kupumua, kutembea hatua tatu, kurudia. Siku ya mtihani, Shinyanga, sikuulizwa nimeangusha nani. Ngumi yangu ilitakiwa iende kwa nguvu zote na isimame kidole kimoja kabla ya pua ya mwenzangu.

Mtihani mwingine ulinikuta nyumbani. Mjomba wangu ana duara, na usiku huwa anaibiwa mawe. Akaniita.

"Mpwa wangu, njoo unilindie. Ukimkamata mmoja, mvunje mkono. Wengine watasikia wenyewe. Nitakulipa elfu ishirini kwa usiku."

Msinielewe vibaya, mjomba ana hoja. Ana deni la magogo na la pampu ya maji, na mfuko mmoja wa mawe ukipotea ni chakula cha watu. Sisi wa huku suala la kujilinda hatukulisoma kitabuni: Sungusungu ilianzia maeneo ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoka na wezi wa ng'ombe. Lakini wale wanaoingia duarani usiku nawafahamu. Mmoja tulikaa dawati moja darasa la saba. Alianza kwa kuokota magwangala, yakaisha, akashuka shimoni.

Nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, hiyo kazi siiwezi."

"Huwezi, na mkanda umefunga?"

"Kukaa getini na tochi na filimbi nitakaa, hata bure. Kumvunja mtu mkono, hapana."

Hakutaka mlinzi wa filimbi. Muhula huu hela ya hosteli aliyokuwa akinichangia haijaja. Nabebana na jamaa yangu kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, na boom likichelewa tunakula mihogo.

Nawaeleza haya kwa sababu mkanda dukani unanunulika, na wapo wanaouziwa hadi cheti. Ila hakuna duka linalouza ile ngumi inayosimama. Hiyo unaijua siku ambayo una nguvu, una njaa, na mtu unayemheshimu amekuruhusu kuumiza. Siku hiyo mimi ngumi ilisimama. Ikija nyingine sijui itakuwaje, ndiyo maana jioni bado nafanya Sanchin nyuma ya bweni. Anayetaka aje. Mkanda hauhitajiki, njoo na pensi na chupa ya maji.