Mashua Kuukuu Hung'aa Tena: Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Mtu atokaye katikati ya jiji la Lilongwe akielekea kaskazini hupita kwanza eneo la viwanda la Kanengo, kisha mji mdogo wa Lumbadzi ulio karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, na baadaye hushika njia ya wilaya ya Dowa. Baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, huwa amefika Dzaleka. Hapana bahari wala ziwa mahali hapo. Pande zote ni mashamba ya mahindi na tumbaku, udongo mwekundu na vilima vya mbali.

Hata hivyo, Dzaleka ni makazi ya watu wengi waliokulia kando ya maji. Wamo wenyeji wa Uvira, Baraka na Fizi katika Kongo, na wa Rumonge katika Burundi, ambao utoto wao wote waliusikia mlio wa mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Wamo pia Wanyarwanda, Wasomali na Wahabeshi. Msafiri Mtanzania hahitaji mkalimani hapo, kwani sokoni, kanisani, msikitini na katika redio ya kambi iitwayo Yetu, Kiswahili ni lugha ya kila siku.

Mahali hapo palikuwa gereza katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, na walifungwa humo watu walioonekana kuwa wapinzani wa serikali. Jina lenyewe latokana na kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kuacha, kana kwamba mfungwa akiri kuwa hatarudia tena. Mwaka 1994 gereza hilo la zamani likageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamezidi 50,000. Pamoja na msongamano huo, watu hawakukaa wakakunja mikono. Maseremala, washonaji, vinyozi, wachomeleaji vyuma na mafundi wa magari wamefungua vibanda vyao, na tangu mwaka 2014 kambi imekuwa na tamasha lake la sanaa liitwalo Tumaini, linalovuta wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali.

Lilongwe nayo ni mji wa bara. Ulifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975 badala ya Zomba, nao uko katika uwanda wa juu upatao mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lakini barabara ya Salima, ya kama kilomita 100, huufikisha mji huo karibu na Ziwa Malawi, na hatua chache mbele yake ni Senga Bay. Mwenye mashua akaaye Lilongwe huivuta nyuma ya gari, akaiegesha uani kwake, na humo jua huila mwaka baada ya mwaka.

Ziwa hilo lina historia ndefu ya vyombo vikongwe. Meli Chauncy Maples iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande vipande, ikachukuliwa kwa meli, kwa mto na kwa mabega ya watu, kisha ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1901. Ilipewa jina la askofu wa misheni ya UMCA, aliyepata kufanya kazi kusini mwa Tanganyika na akafa maji katika ziwa hilo hilo mwaka 1895. Meli Ilala ilianza safari zake mwaka 1951. Tena askari hawana budi kukumbuka kisa cha Agosti 1914, pale meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo katika mkoa wa Ruvuma. Meli ya Wajerumani ilikutwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, wala nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza.

Kwa watu wa Dzaleka chombo kikongwe kinachojulikana zaidi ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, lakini kabla ya kufanya hivyo walizipaka mashine zake grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mashine zile zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokimbilia Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Tabaka moja la grisi liliiokoa meli nzima, na hilo latosha kuonyesha kwamba uhai wa chombo mara nyingi hutegemea kile kilichopakwa juu yake.

Meli za chuma hukwanguliwa kutu na kupakwa rangi upya. Mashua za faibaglasi, zilizoenea duniani tangu miaka ya 1950 na 1960, zina shida nyingine. Ngozi yake ya juu, iitwayo jelikoti, ina unene wa kama nusu milimita tu. Jua kali huiunguza, ikapauka na kutoa unga mweupe kama chaki. Mwenye mashua akiiona hivyo hudhani imekufa, akataka kuipaka rangi ya mafuta au kuiuza kwa bei ya kutupa. Aghalabu mashua hiyo bado ni nzima.

Kuna majaribio mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kupitisha kitambaa cheusi juu ya ubavu wa mashua. Kikitoka na unga, ndiyo dalili ya kuungua kwa jua. La pili ni kulowesha sehemu hiyo kwa maji. Rangi ikirudi kwa muda wakati wa unyevu, basi kwa kawaida mashine ya kupolishi itaweza kuirudisha. Ikiwa nyuzi za faibaglasi zimeanza kuonekana, polishi haitafaa kitu; hapo jelikoti mpya ndiyo dawa.

Kazi yenyewe yataka utaratibu. Mashua huoshwa kwa sabuni na maji mengi, kisha nta ya zamani na mafuta huondolewa, kwani uchafu uliobaki huchora mikwaruzo mipya. Kazi hufanywa kivulini, ubavu wa mashua ukiwa baridi. Palipoungua sana husuguliwa kwanza kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, kila namba ikifuta alama za ile iliyotangulia. Ndipo huja mashine yenye pedi ya sufu na dawa ya kusugulia yenye chembe, baadaye pedi ya sifongo na polishi laini, na mwisho nta.

Mashine haikandamizwi. Huanza polepole, pedi ikilala bapa, nayo huhamishwa bila kusimama katika eneo la kama nusu mita kwa nusu mita. Ikitulia mahali pamoja, joto huiunguza jelikoti na kuacha doa lisilofutika. Kingo na pembe hufunikwa kwa utepe, kwa sababu hapo ngozi ni nyembamba zaidi. Fundi huvaa miwani na kitambaa cha pua, na waya wa umeme huupitisha begani ili usizolewe na mashine. Kosa kubwa la mitaani ni kufunga pedi kwenye grenda ya kukatia chuma. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, hali kupolishi hutaka mizunguko baina ya 1,000 na 2,000 tu.

Askari aliyepitia kuruti anaijua siri hii tangu zamani. Kiatu hakiwaki kwa nguvu ya mkono. Huwaka kwa tabaka nyembamba, kitambaa safi na subira.

Mashua ya mita tano, ikiwa imeungua sana, yaweza kuchukua siku tatu. Kwa fundi akaaye Dzaleka, siku hizo tatu ni jambo zito. Malawi iliukubali mkataba wa kimataifa wa wakimbizi huku ikiweka masharti juu ya kazi na mwendo wao. Mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na huhitaji ruhusa ili atoke. Mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na polisi na wanajeshi wakatumwa kulitekeleza agizo hilo. Maduka yalifungwa, na watoto wakaacha shule walizozizoea. Jambo hili si geni kwa Mtanzania, kwani kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ina masharti yanayofanana nalo. Kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini ujuzi usiotumika nao hupauka. Kijana aliyejifunza ufundi akazuiwa kuufanya kwa miaka kumi atasahau nusu yake, na mwanawe hatajifunza chochote.

Familia zenye mashua, gari au pikipiki yaweza kujifunza mambo machache hapa. Chombo kikishapolishiwa, kifunikwe kwa turubai lipitishalo hewa au kiwekwe chini ya paa. Kioshwe kwa maji baridi baada ya kila safari. Nta irudiwe mara mbili au tatu kwa mwaka, maana jua la nchi zetu huimaliza upesi. Dawa yenye chembe isitumiwe kila mara, kwa kuwa kila msuguo huondoa sehemu ya ile nusu milimita, nayo haioti tena. Na atakayemwita fundi amwulize kwanza atatumia mashine gani, pedi gani, na ataanzia wapi. Fundi mwema huanza kwa kipande kidogo cha nyuma kisichoonekana, akamwonyesha mwenye mali, ndipo akaendelea.