Utii Mbele ya Mzani

Sisi wa Kakanda tunalijua sana neno utii. Mji wetu ulizaliwa na mgodi, na mgodi hauendi bila amri: mkubwa huagiza, mdogo hutenda. Kwa hiyo tukihubiriwa juu ya kumtii Mungu, wengi hufikiri ni jambo lile lile, yaani kupata mkubwa mmoja zaidi. Taabu huanza siku ile wakubwa wawili wanapoagiza mambo yasiyopatana.

Na neno wito je? Mimi nilisoma seminari, na nilipotoka nikaoa, shangazi zangu walilia kana kwamba wito umekufa. Kumbe Mungu hakunyamaza. Lakini wakristu wengi wangali wakidhani kwamba huwaita mapadri na masista tu, na sisi wengine tumeachiwa kuja Misa na kutoa sadaka.

Ndiyo sababu napenda kuwaeleza wakatekumeni habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, na katika Jumuiya ya Sant'Egidio akawasaidia watoto wa mitaani. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Hapo kikaletwa chakula kilichoharibika, naye akapewa fedha akipitishe. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Tazameni vema: Floribert aliitwa pale pale kazini kwake, katikati ya magunia na karatasi. Zamani nabii Amosi aliwakaripia wafanyabiashara waliopunguza vipimo na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Goma yaliletwa makapi; kwetu Katanga shida ni kipimo.

Mmoja wa wakatekumeni wangu alikuwa akipima mawe katika nyumba moja ya kununua madini. Wachimbaji huleta magunia yao, nao hulipwa kwa uzito na kwa kiasi cha shaba kilichomo. Mchimbaji hana mashini, basi hupokea anachoambiwa. Kijana huyu aliagizwa apunguze kidogo kwa kila gunia. Kidogo tu! Baada ya mafundisho alinifuata nje akaniambia: “Baba Katekista, yule Floribert hakuwa na watoto. Mimi ninao wawili, na nyumba ni ya kupanga. Tena mimi nikikataa sitauawa, wala sitaitwa Mwenye Heri. Nitafukuzwa tu.”

Swali hilo sikulikuta seminarini. Ningeweza kumtajia ndege wa angani na maua ya kondeni, maneno ya kweli ya Bwana wetu. Lakini haifai katekista mwenye unga nyumbani kuyasema upesi upesi mbele ya mtu atakayeukosa. Nilimwambia wazi kwamba ni wizi, na kwamba anayeagiza na anayetenda wote wawili wanaiba. Kisha nikaenda kwa wazee wa jumuiya yetu. Maana nionavyo mimi, parokia inayomwomba mtu mmoja utii wa namna hii, kisha ikamwacha na sufuria tupu, yenyewe haijaanza kutii.

Kijana alikataa, akafukuzwa siku ile ile. Jumuiya ilitoa unga, na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Haikuwa bila manung'uniko, nisiwadanganye: mama mmoja aliuliza kwa nini tumlishe mtu mwenye nguvu aliyeacha mshahara kwa hiari yake. Mwenyewe alipolisikia hilo, alichukua deni la baiskeli. Sasa anasukuma makala kutoka porini hadi sokoni, kazi ya kuvunja mgongo, na kwenye mafundisho pengine husinzia. Simwamshi.

Mahali pake kwenye mzani pamekwisha kushikwa na mwingine, mkristu wa parokia hii hii, ambaye hupokea Komunyo kila Dominika. Nimekwenda kwake mara mbili jioni. Mke wake alisema bado hajarudi kazini. Kesho nitakwenda tena.