Meta Milioni Kumi

Kusini mwa mji wa Kasese, mstari wa Ikweta huikata barabara iendayo Mbarara karibu na Kikorongo, si mbali na panapochepuka njia ya Bwera. Sisi walimu tupitao hapo tumeutaja mstari huo mara nyingi katika vipindi vya jiografia. Leo tuutazame kwa hesabu. Mahali hapo pana namba yake, nayo ni 10,000,000. Mwaka 1791 wataalamu wa Ufaransa waliazimia kwamba meta moja iwe sehemu moja ya milioni kumi ya masafa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta.

Wanafunzi wetu huiona namba hiyo kuwa moja yenye sifuri saba, basi. Yafaa tuwafundishe kuifumbua. Andika 10 mara saba, uzizidishe pamoja, utaipata. Na kwa kuwa 10 ni 2 mara 5, vigawo vyake vilivyo namba tasa ni viwili tu: 2 na 5. Zidisha zile 2 zote saba, utapata 128. Zidisha zile 5 zote saba, utapata 78,125. Sasa zidisha 128 kwa 78,125: sifuri zote saba huzaliwa na namba mbili zisizo na sifuri hata moja! Jumla ya vigawo vyake ni 64, lakini 3 haimo. Wachuuzi watatu wa Bwera wakigawana shilingi milioni kumi sawasawa, shilingi moja haina budi kubaki.

Hayo ni kweli popote duniani. Masafa je? Delambre na Méchain walipima kipande cha kutoka Dunkerque hadi Barcelona kati ya 1792 na 1798, na masafa yote yakakadiriwa kutokana na kipande hicho. Vipimo vya leo vyaonyesha kwamba kutoka Ncha hadi Ikweta ni meta 10,002,000 hivi. Meta yao ilipungua kwa takriban moja ya tano ya milimeta. Namba haikukosea, kilichopungua ni kipimo.

Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Anunuaye maharage sokoni Mpondwe huhesabu madebe matano, nayo ni matano kweli. Lakini debe likiwa limebonyea, hesabu sahihi haimwokoi na hasara. Basi tumzoeze mtoto kuuliza maswali mawili: Je, hesabu ni sahihi? Na kilichohesabiwa kimepimwa kwa chombo gani? Asiyeuliza la pili atapunjwa, hata akijua kuzidisha.