Bandama Iliyopasuka

Katika Kabiria, upande wa Dagoretti, pikipiki za abiria hupita mchana kutwa, na ajali si haba. Kijana huanguka, usukani ukamgonga ubavu wa kushoto. Huinuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake kazini. Kwa kuwa haonekani jeraha, wenziwe hudhani mambo yamekwisha. Kumbe hatari yaweza kuwa ndiyo kwanza yaanza.

Chini ya mbavu hizo imo bandama, ambayo wengine huiita wengu. Ukubwa wake ni kama ngumi, nayo ni laini, imejaa damu, na kazi yake ni kuchuja damu na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Ikipigwa yaweza kupasuka bila ngozi kuchubuka. Nairobi malaria ni chache, lakini wakazi wake wengi wamekulia penye mbu, kama vile kando ya Ziwa Victoria. Malaria ya mara kwa mara huivimbisha bandama hata ikashuka chini ya mbavu, mahali isipokuwa na ngao, na hapo pigo dogo latosha.

Maumivu huwa ubavuni, walakini bega la kushoto nalo pengine huuma ingawa halikuguswa. Damu iliyomwagika hukichokoza kiwambo cha kupumulia, ambacho mishipa yake ya fahamu hutoka shingoni pamoja na ile ya bega. Yasikitisha kuona bega likikandwa kwa maji ya moto huku damu yavuja tumboni! Baadaye hufuata kizunguzungu, jasho baridi na moyo kwenda mbio. Pengine utando wa bandama huizuia damu siku kadhaa, kisha hupasuka ghafula.

Hospitalini daktari hupima mpigo wa moyo na msukumo wa damu, kisha huchungulia tumbo kwa chombo cha mawimbi ya sauti, ambacho huonyesha damu kwa dakika chache. Zamani bandama iliyopasuka ilitolewa karibu kila mara. Mwaka 1952 King na Shumacker, madaktari wa Marekani, walieleza habari za watoto wachanga waliotolewa bandama, kisha wakashikwa na maambukizo makali. Siku hizi mgonjwa aliyetulia hulazwa akaangaliwa saa kwa saa, na damu ya kumwongeza ikiwa tayari; azidiye kudhoofika hupasuliwa upesi.

Aliyetolewa bandama huchanjwa kinga ya nimonia na ya homa ya uti wa mgongo. Akishikwa na homa yoyote humpasa kwenda kwa daktari siku ile ile, na aendapo kwao ziwani asilale bila chandarua.