Kusuka Nywele za Binti Zetu

Sisi tufundishao watoto wadogo twaziona nywele zao kila asubuhi. Jumatatu binti huja na twende kilioni, mistari iliyonyoka toka kipajini hata kisogoni. Mwingine ana mabutu. Mwingine mistari yake imekusanywa utosini ikafungwa uzi, mkia ukaning'inia kama wa farasi. (Shule nyingi huamuru watoto wanyolewe, hayo leo tuyaache.)

Neno letu ni juu ya kukaza. Msusi husifiwa kwa msuko uliokazwa, eti utadumu mwezi. Lakini mtoto aliyevutwa hivyo hakulala usiku. Darasani hushika kichwa, wala hesabu haimwingii. Tazameni panja zake: vipele vidogo penye mashina ya nywele. Hiyo ni dalili ya mapema, na nywele zikiachwa hupona. Akizidi kuvutwa pale pale miaka mingi, mashina hufa, panja zikabaki wazi, wala hapana mafuta ya kuziotesha tena.

Basi mkia na ufungwe chini, kisogoni, kwa uzi laini, si kwa mpira mwembamba ukatao nywele. Safari nyingine uhamishwe upande. Mistari na ianzie nyuma kidogo ya ukingo wa uso, nayo ifumuliwe kila majuma mawili. Mama mmoja kijijini kwetu, akiisha kusuka, humwuliza mtoto, "Mwanangu, waweza kuinua nyusi bila maumivu?" Asipoweza, huufumua msuko akaanza tena, hata jua likichwa.