Mganga wa vita, visoda ishirini na swali la babu wa Feri

Najua nimepotea kama wiki tatu, msinune. Nilikuwa field, na wenzangu wa ualimu mnajua field ni nini: andalio la somo usiku, chaki asubuhi, nauli ya kuungaunga, na bumu limekwisha siku nyingi. Leo nataka niwasimulie jambo lililoanza kama mchezo tu pale Feri, likaishia kunikosesha usingizi.

Tuanze na mchezo wenyewe. Sisi tuko wanne, wote mwaka wa tatu, na mwenzetu mmoja mama yake anakaanga samaki pale Feri, soko la Magogoni. Jumamosi mchana mnada ukishapoa, wachuuzi wa jumla wakishaondoka na ndoo zao, mama anatuachia meza moja. Sharti lake ni moja tu: kila mtu anunue sahani. Basi tunakula vibua na ugali, tunanawa, halafu tunaanza kucheza Dungeons & Dragons. Msishtuke jina. Ni mchezo wa mezani wa Marekani, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna kete kama bao wala ubao kama drafti. Mmoja anakuwa msimulizi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na mambo yakiwa magumu dadu ndiyo inaamua.

Tatizo ni dadu yenyewe. Mchezo unataka dadu yenye pande 20. Nilizunguka Kariakoo kuanzia Msimbazi mpaka mtaa wa Kongo, kila duka naonyeshwa dadu ya ludo. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Dada, pande ishirini za kazi gani, unataka kuvingirisha mpira?" Nikarudi Feri nikaokota visoda ishirini, nikaviandika namba 1 hadi 20 kwa maka peni, nikatia kwenye mfuko wa rambo. Unaingiza mkono, unachomoa. Vinanuka samaki lakini vinafanya kazi.

Mhusika wangu ni druidi. Hawa walikuwa makuhani wa kale wa Waselti kule Ulaya, na kwenye mchezo wameingia kama wahusika wa kuchezwa tangu 1976. Sisi tunamwita mganga wa porini. Nguvu zake zinatoka kwenye miti, mvua na wanyama, na hataki kuvaa chuma mwilini. Nimemcheza mwaka mzima sasa, na nimejifunza namna ya kupigana naye kwa kufa mara mbili.

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kumpeleka mganga mbele kama askari. Atakufa, nawaambia. Mganga anakaa nyuma, na kazi yake ya kwanza ni kuharibu uwanja, kumuua adui kunafuata baadaye. Kuna dawa inayootesha mizizi na nyasi kwenye eneo la futi 20 kwa 20, adui ananasa miguu, wenzako wanamshughulikia. Pili, dawa zake nyingi kali zinataka mawazo yatulie, na huwezi kushika mbili za namna hiyo kwa wakati mmoja. Ukipigwa, unachomoa kisoda kuona kama umeishikilia. Ukishindwa, dawa imekatika. Tatu, uwezo wa kugeuka mnyama usiumalize kwenye kupigana. Geuka panya, ingia kambini kwa adui, sikiliza, rudi. Na nne, kuna dawa moja ambayo hakuna anayeipenda: unatengeneza matunda kumi madogo, kila moja linaponya jeraha dogo sana, pointi moja tu. Lakini pia linamlisha mtu siku nzima. Mimi nilikuwa siichukui kabisa. Nani anaenda vitani na matunda? Ishikeni hiyo, nitairudia.

Sasa, kabla ya field tulipewa kazi ya kuandaa somo kwa njia shirikishi. Wengi wakachukua maswali na majibu. Mimi nikachagua igizo dhima, na mada nikachagua Vita vya Maji Maji. Nikajisemea, hii ni rahisi, mganga ninaye tayari.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuiandika kwenye andalio la somo. Mimi ni Mngoni wa Songea. Kwetu uwanja wa mpira unaitwa Majimaji, timu Majimaji, na kila tarehe 27 Februari tunakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Tulipohamia Dar nikiwa darasa la tano, siku mwalimu alipofundisha vita hivyo, darasa zima lilicheka. Watu walikunywa maji wakaenda kusimama mbele ya bunduki! Mpaka namaliza la saba nilikuwa naitwa "Maji". Na ukweli mchungu, wadau, ni kwamba siku ile na mimi nilicheka, ili nisionekane.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika kanuni za mchezo wangu nikakwama palepale. Maji yafanye nini? Nikiyapa nguvu ya kuzuia risasi, nitakuwa nadanganya watoto wa watu. Nikiyaandikia sifuri, narudia kile kicheko cha darasa la tano, safari hii mimi nikiwa mwalimu.

Nikaanza kusoma upya, na kwa kweli nilikuta nilikuwa sijui vita hivyo. Kinjeketile Ngwale alikuwa Ngarambe, bonde la Rufiji. Mwaka 1904 ilisemekana amepandwa na pepo Hongo, akazama kwenye maji na kutoka akiwa mkavu. Watu wakamiminika kwake kuchukua dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba ya Wajerumani kule Nandete, vita vikaanza. Na tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile akanyongwa Mohoro. Yaani mganga mwenyewe alikufa vita vikiwa ndiyo kwanza vinachanganya!

Hapo kanuni za Wamarekani zikanigomea. Kwenye mchezo, mganga akifa, dawa aliyokuwa ameishikilia kwa mawazo inakatika hapohapo. Ya Kinjeketile haikukatika. Baada ya yeye kunyongwa ndiyo ikasambaa zaidi, ikibebwa na wajumbe kutoka kijiji mpaka kijiji. Agosti hiyohiyo boma la Liwale likaanguka. Tarehe 30 Agosti maelfu wakaliendea boma la Mahenge, wakakutana na bombomu mbili, wakafa kwa mamia. Na bado Wangoni wakaingia vitani baada ya hapo.

Kitu kilichofanana na mchezo ni masharti. Waliokunywa maji walikuwa na miiko: usipore mali, usikutane na mwanamke wakati wa vita. Mtu akipigwa risasi, wenzake waliweza kusema amevunja mwiko. Kwa hiyo nikaandika kanuni hivi: maji yanaongeza alama tatu kwenye kukusanya watu wa makabila mbalimbali na kuwatia moyo, na yanaongeza sifuri mbele ya risasi. Ila mchezaji hajui hiyo sifuri mpaka aifikie. Nikafurahi sana. Nikasema hapa nimemaliza.

Jumamosi iliyofuata nikaipeleka Feri tuijaribu. Mezani kwetu huwa anapita mzee mmoja anayepara samaki, mtu wa Kipatimu, vilima vya Umatumbi. Huwa anatucheka tu na visoda vyetu. Siku hiyo aliposikia Ngarambe na Nandete akasimama, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnacheza vita vya kwetu?"

Tukamweleza. Akakaa, akasikiliza kila kanuni kwa utaratibu kabisa, mashambulizi, boma, bombomu, maji. Mwisho akauliza, "Sasa nyie walimu, hao watu wenu wanakula nini?"

Tukatazamana. Kwenye karatasi zangu zote sita hakukuwa na chakula.

Akasema babu wa baba yake alikunywa maji, alipigana, na risasi hazikumpata. Alirudi nyumbani mzima. Alikufa mwaka uliofuata, kwa njaa, yeye na watoto watatu, kwa sababu ghala lilichomwa na mbegu hazikuwepo. "Huyo mnamwandikia alama ngapi?" Akanyanyuka akaenda kuendelea na changu za mteja wake.

Wadau, sikucheza tena siku hiyo. Nilitembea mpaka kwenye ukingo nikaangalia pantoni inavyovuka kwenda Kigamboni. Nyuma yangu ilikuwa Ikulu ya Magogoni. Ni palepale palipokuwa na nyumba ya gavana wa Kijerumani, na wakati wa vita hivyo gavana alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Kapteni mmoja aliyeitwa Wangenheim alimweleza kwamba mapigano peke yake hayatoshi, ni njaa ndiyo itakayowamaliza wenyeji. Ndivyo ilivyofanywa. Vijiji, mashamba na maghala vilichomwa kusini kote. Vita vilipokwisha 1907, makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Nimepita pale Feri mara mia nikifikiria bei ya pweza, hilo sijawahi kulifikiria.

Basi nikarudi kwenye ile dawa ya matunda kumi niliyokuwa naidharau. Nikaandika mchezo upya. Sasa kila kundi lina maharage kwenye kikombe. Hayo ndiyo mtama wao. Kila raundi wanakula. Wakipigana wanakula zaidi. Mbegu zimewekwa pembeni, ukizila umepona leo, mwakani huna kitu. Na kila baada ya raundi mbili Mjerumani hashambulii watu, anachukua maharage.

Nilifundisha kipindi hicho wiki ya pili ya field, dakika 80, wanafunzi 52, makundi matano. Kelele zilikuwa nyingi mno, nakiri. Mwalimu aliyekuja kunikagua aliandika kwamba darasa halikuwa na utulivu, na mwalimu wa darasa la jirani alichungulia dirishani mara mbili. Raundi mbili za mwanzo watoto walikuwa na raha, wanakunywa maji, wanakusanya watu, boma linaanguka. Raundi ya tatu wakaifikia bombomu. Kijana mmoja akachomoa kisoda namba 20, akaruka juu, nikamwambia hata hiyo haitoshi, sifuri. Akanikasirikia kwelikweli. "Mwalimu, ulijua?" Nikasema nilijua. "Kwa nini hukutuambia?" Nikamuuliza, wao nani angewaambia?

Lakini kimya kiliingia kwenye maharage. Kundi moja lilikula mbegu raundi ya nne. Kundi jingine, lililoongozwa na binti ambaye tangu nifike pale sikuwahi kumsikia akiongea, liliacha kupigana mapema, likaficha maharage mfukoni mwa sare likisema wamekimbilia msituni. Wenzao wakawaita waoga. Mwisho wa mchezo ni wao tu waliobaki na watu hai saba. Sikujua kama niwape ushindi. Mpaka sasa sijui. Nilichofanya ni kuwaachia waamue wenyewe, kengele ikagonga wakiwa bado wanabishana, wakatoka nje wakibishana.

Yule kijana wa kisoda namba 20 alibaki kunisaidia kuokota. Akasema, "Kwa hiyo mwalimu maji yalifanya kazi nusu." Nikasema unaweza kusema hivyo. Akafikiri kidogo. "Nusu ya kukusanya watu." Akaenda zake. Hakuna aliyecheka siku hiyo, ingawa sidai kwamba ni kwa sababu ya ufundi wangu. Labda walikuwa na njaa tu, kilikuwa kipindi cha mwisho.

Nilipata alama za kawaida. Sijali sana. Ninachojali ni kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu hapa Dar walitumwa vijijini kusini kuwasikiliza wazee waliokuwa bado wanakumbuka vita hivyo, wakaandika. Walikuwa vijana wa rika langu. Mimi baba yangu yupo Songea, ana simu, ana muda, na katika miaka yangu yote sijawahi kumuuliza nani kwenye ukoo wetu alikunywa maji na nani alibaki kula nini. Jana nilimpigia. Mtandao ulikatika mara tatu. Akasema nije likizo, mambo mengine hayasemwi kwenye simu.

Kwa wale wanaocheza na mganga wa porini, ushauri wangu ni huu: chukueni ile dawa ya matunda. Na kwa wenzangu walimu, mkiandaa igizo la vita yoyote ile, hesabuni kwanza chakula.

Jumamosi tupo Feri kama kawaida. Babu ameomba nafasi mezani. Tulimuuliza anataka kuwa nani, tukidhani atasema Kinjeketile. Akasema atakuwa Mjerumani, maana sisi tunamcheza vibaya, tuna huruma mno.

Panapo majaliwa nitawaletea matokeo. Karibuni mnibishie.